Daraja Lenye Paa la North Blenheim

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii hutajwa sana katika mikutano mikuu ya vyama, hasa pale makisio ya matengenezo ya ghala yanaposomwa na baadhi ya wanachama wakauliza kwa nini fedha zitumike kwa jengo ambalo bado limesimama. Makala haya yanaeleza habari za daraja moja la mbao katika kitongoji kidogo cha Marekani. Daraja hilo lilidumu miaka 156 kwa sababu lilikuwa na paa. Kisha lilipotea kwa siku moja pamoja na paa lake. Mwisho lilijengwa upya, na jambo lililowezesha ujenzi huo ni kwamba vipimo vyake vilikuwa vimekwisha kuandikwa na kuwekwa mahali pa salama. Katika habari hii yamo mafunzo yanayofaa kwa kila chama chenye mali ya wote.

KITONGOJI NA KIJITO CHAKE

North Blenheim ni kitongoji katika wilaya ya Schoharie, jimbo la New York. Msomaji asichanganye jimbo hilo na jiji kubwa lenye jina hilo hilo. Jiji liko pwani, upande wa kusini kabisa. Jimbo lenyewe ni pana, na sehemu yake kubwa ni mashamba, misitu na vilima. Kwa sensa ya mwaka 2010, eneo lote la Blenheim, pamoja na kitongoji hiki, lilikuwa na watu wasiofikia 400. Vyama vingi vya msingi vina wanachama zaidi ya hao.

Kitongoji kimekaa kandokando ya kijito cha Schoharie, ambacho hutoka katika milima ya Catskill, kikaelekea kaskazini na kumwaga maji yake katika mto Mohawk. Kinaitwa kijito, lakini jina hilo lisimdanganye mtu. Wakati wa kiangazi maji yake huwa kidogo; bali theluji inapoyeyuka milimani, au mvua kubwa inaponyesha, hufurika kwa ghafla na kuchukua magogo, mawe na mapande ya barafu. Mkulima aliyekuwa na shamba ng'ambo moja na soko ng'ambo ya pili alikuwa hana budi kungoja maji yapungue. Mtu yeyote anayeishi karibu na mto wa msimu anaifahamu vyema taabu hiyo.

Mwaka 1828 Baraza la Kutunga Sheria la jimbo lilipitisha sheria ya kuanzisha kampuni ya kujenga daraja la Blenheim. Kampuni hiyo haikuwa chama cha ushirika, maana ilikuwa ya wenye hisa, nao walitazamia kurudishiwa fedha zao kwa ushuru uliotozwa kwa wapitao. Hata hivyo, shida iliyowasukuma ilikuwa ni ile ile inayowasukuma wanachama wa ushirika: kazi ilikuwa kubwa kuliko uwezo wa mtu mmoja, na bila ya kuchangia fedha isingefanyika.

KWA NINI DARAJA LIEZEKWE

Watu wengi wakisikia habari za daraja lenye paa hufikiri kwamba paa liliwekwa kwa ajili ya wasafiri, wapate kujikinga na mvua. Sivyo. Paa liliwekwa kwa ajili ya daraja lenyewe.

Mbao ngumu iliyokauka vizuri yaweza kukaa miaka mingi sana bila kuharibika, mradi isipate unyevu. Adui yake mkuu ni maji yanayoingia penye maungio. Juu ya uso wa mbao maji hukaushwa na jua na upepo. Lakini yakijipenyeza mahali ambapo boriti mbili zimeunganishwa hayapati njia ya kutoka, na hapo ndipo ukuvu huanza kuila mbao kutoka ndani. Kwa nje boriti huonekana nzima, kumbe kiungo kimekwisha kuwa unga. Daraja la mbao ni viungo tangu mwanzo hadi mwisho. Kiungo kimoja kikilegea, mzigo wake huhamia kwenye viungo jirani, navyo hulemewa.

Huko Marekani daraja la kwanza kuezekwa linalojulikana ni lile lililovuka mto Schuylkill katika jiji la Philadelphia, ambalo lilimalizika mwaka 1805. Fundi wake alikuwa Timothy Palmer. Mkuu wa kampuni iliyolijenga, Jaji Richard Peters, alishauri kwamba liezekwe na kufunikwa ubavuni ili fedha za wenye hisa zisiteketee mapema. Palmer alikubaliana naye. Kwa makadirio yake, daraja la mbao likiachwa wazi lingeweza kudumu miaka 10 au 12 tu, lakini likifunikwa lingefikia miaka 30 au 40. Makadirio hayo yalikuwa ya mtu mwenye hadhari. Baadaye madaraja ya namna hiyo yalijengwa kwa maelfu, na yale yaliyotunzwa vizuri yalipita miaka 100.

Hesabu yake ni nyepesi. Paa na mbao za ubavuni ni sehemu rahisi ya daraja. Zikichakaa, fundi wa kawaida aweza kuzibandua na kuweka nyingine bila ya kuzuia njia kwa muda mrefu. Bali boriti kuu zikioza, hakuna la kufanya ila kuliangusha daraja zima. Kwa hiyo paa ni kitu kilichokusudiwa kuchakaa ili kile kilicho chini yake kisichakae. Anayepunguza gharama kwa kuacha kulikarabati paa hajapunguza gharama yoyote. Ameiahirisha tu, nayo itarudi ikiwa imezidi mara nyingi.

KAZI YA FUNDI POWERS

Mwaka 1855 kazi ya kujenga daraja la North Blenheim ilipewa Nicholas Montgomery Powers, fundi kutoka jimbo jirani la Vermont, aliyezaliwa mwaka 1817. Gharama inayotajwa kwa kazi yote ni dola 6,000.

Powers alijenga daraja lenye urefu wa futi 232, yaani kama mita 71, na katika urefu huo sehemu iliyokuwa juu ya maji bila kushikiliwa na nguzo yoyote ilikuwa futi 210, sawa na mita 64. Upana wake ulikuwa futi 26, nao uligawanywa kuwa njia mbili, ya kwenda na ya kurudi. Kukosekana kwa nguzo katikati kulikuwa na faida kubwa. Nguzo iliyo ndani ya maji hupigwa na kila gogo na kila pande la barafu wakati wa mafuriko. Daraja lisilo na nguzo halina kitu cha kupigwa, maadamu maji hayajafikia sakafu yake.

Uzito wa daraja lote ulibebwa na safu tatu za mbao zilizoungwa kwa mshazari, mfano wa kenchi za paa la ghala, lakini kubwa sana. Mbili zilikuwa pembeni na moja katikati. Namna yake ya kuunganisha mbao ilitokana na ubunifu wa Stephen Long, afisa wa jeshi la Marekani, aliyeuandikisha mwaka 1830. Humo kabari hutumika kuzikaza mbao za mshazari ili zisilegee mzigo unapopita. Katika safu ya kati Powers aliongeza tao kubwa la mbao, lililoanzia kwenye kuta za mawe za ukingoni, chini ya sakafu, likapanda mpaka karibu na kilele cha paa, kisha likashuka ng'ambo ya pili.

Inasimuliwa kwamba mbao zote ziliungwa kwanza kwenye uwanja tambarare nyuma ya kitongoji, zikahakikiwa kuwa zinashikana, ndipo zikafunguliwa na kuungwa tena juu ya maji. Husimuliwa pia kwamba walikuwapo waliomcheka Powers na kusema kuwa daraja refu namna ile halitaweza kubeba hata uzito wake lenyewe. Na kwamba siku majukwaa ya muda yalipoondolewa alikwenda kuketi juu ya paa, ili kama likianguka aanguke nalo. Daraja lilijibana kidogo, likatulia. Yawe ni masimulizi au ni kweli tupu, jambo moja halina shaka: kazi yake ilibeba magari ya farasi na hatimaye motokaa kwa muda wa miaka zaidi ya 75.

DARAJA LAPATA MLINZI

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 uzito wa magari ulikuwa umezidi, na daraja la chuma likajengwa karibu na lile la zamani. Hapo ndipo mali nyingi za wote hupotea. Kitu kikiisha kuacha kutumika kila siku hakuna anayekivunja kwa makusudi, lakini hakuna pia anayekitazama. Vigae viwili vinapeperushwa na upepo, mvua inapita, na baada ya miaka michache watu husema kwamba kimeharibika chenyewe.

Halikuwa hivyo huko North Blenheim. Mwaka 1931 halmashauri ya wilaya ya Schoharie ilipiga kura kwamba daraja la zamani lisibomolewe, bali lihifadhiwe kama kumbukumbu ya umma. Kuanzia mwaka 1932 magari yalipita kwenye daraja la chuma, na daraja la mbao likaachiwa waendao kwa miguu. Uamuzi ule ulikuwa na maana kwa sababu ulitaja mwenye dhamana. Tangu siku hiyo mtu akiona paa linavuja alijua ni ofisi gani ya kuuliza. Mwaka 1964 serikali ya Marekani ilitangaza daraja hilo kuwa miongoni mwa majengo ya historia ya taifa.

VIPIMO VYAANDIKWA

Katika miaka hiyo hiyo ya 1930 jambo jingine lilifanyika, ambalo pengine watu wachache wa kitongoji walilitia maanani. Marekani ilikuwa katika dhiki kubwa ya uchumi, na wasanifu na wachoraji wa majengo walikuwa wengi wasio na kazi. Serikali ilianzisha mpango wa kuwaajiri wapime majengo ya kale nchini kote, wayachore na kuyapiga picha. Daraja la North Blenheim lilikuwa mojawapo. Lilipimwa, likachorwa, na michoro yake ikawekwa katika Maktaba ya Bunge huko Washington.

Wakati huo daraja lilikuwa limesimama imara. Yeyote angeweza kuuliza faida ya kulichora daraja ambalo kila mtu aliweza kwenda kulitazama kwa macho yake. Jibu lilikuja baada ya miaka zaidi ya 70.

SIKU YA MAFURIKO

Tarehe 28 Agosti 2011 dhoruba iliyopewa jina la Irene, iliyotoka baharini, ilipita juu ya jimbo la New York na kumwaga mvua nyingi mno katika milima ya Catskill. Kijito cha Schoharie kilipanda kuliko ilivyokuwa imezoeleka. Bonde zima lilipata hasara: nyumba ziliingia maji, mashamba yakasombwa, barabara zikakatika. Maji yaliufikia mwili wa daraja la mbao, yakaling'oa kutoka kwenye kuta zake za mawe na kulivunja vipande vipande. Mbao zilitawanywa kandokando ya kijito kwa mwendo mrefu. Baadhi ziliokotwa na kuhifadhiwa, lakini hazikutosha kulirudisha daraja.

Ni vyema jambo hili lielezwe bila kuficha, maana si kweli kwamba mali ikitunzwa haipotei kamwe. Daraja la North Blenheim lilitunzwa, na bado lilipotea. Paa liliweza kulikinga na adui anayekuja polepole, yaani unyevu na ukuvu, kwa muda wa miaka 156. Halikuwa na uwezo juu ya adui wa ghafla. Na mali yoyote, iwe ghala, mashine ya kukoboa au gari la chama, ina maadui wa aina zote mbili: uchakavu unaokula kila siku, na moto, mafuriko au wizi unaokuja mara moja. Kila mmoja ana kinga yake.

RUFAA NA UJENZI MPYA

Wakazi na wakuu wa wilaya walitaka daraja lijengwe upya, wakaomba fedha katika mfuko wa serikali kuu wa kusaidia penye maafa. Mwanzoni maombi yalikataliwa. Wenyeji hawakukata tamaa. Walikata rufaa, wakatoa hoja zao tena, na mwaka 2013 ombi likakubaliwa.

Kuna hoja ambayo msomaji mwenye busara ataitoa hapa. Bonde lilikuwa limejaa watu waliopoteza nyumba. Je, ilikuwa haki kutumia fedha nyingi kwa daraja ambalo hata gari halipiti? Hoja hiyo ina uzito. Kwa upande mwingine, daraja lilikuwa ndicho kitu pekee kilichokijulisha kitongoji kile kidogo mbali, na wageni walifika pale kwa ajili yake. Mahali penye watu wachache, kupotea kwa kitu kama hicho kwaweza kuwafanya hata waliobaki waanze kufikiri kuhama. Mambo ya namna hii hayana jibu moja kwa watu wote. Yafaa yajadiliwe waziwazi na wanaohusika, na uamuzi uandikwe pamoja na sababu zake, ili watakaokuja baadaye wajue ulifikiwa vipi.

Fedha zilipopatikana, swali lililofuata lilikuwa la ufundi. Powers alikuwa amekufa tangu mwaka 1897. Daraja lenyewe halikuwapo tena. Mafundi wangejuaje unene wa kila boriti, pembe ya kila mbao ya mshazari na mpindo wa lile tao? Ndipo michoro ya miaka ya 1930 ilipotolewa. Kwa kuifuata hiyo, pamoja na picha na mbao zilizookotwa, mafundi waliweza kujenga daraja jipya la mbao kwa namna ile ile ya Powers: safu tatu, tao katikati, njia mbili na paa juu. Lilimalizika mwaka 2018. Misingi yake iliinuliwa juu kuliko ile ya zamani ili maji mengi yaweze kupita chini. Waliojenga upya hawakurudia tu yaliyopita; walisahihisha pia mahali palipoonekana kuwa na kasoro.

Daraja hili jipya si lile la mwaka 1855, na hakuna anayedai kwamba ndilo. Cheo cha jengo la historia ya taifa, ambacho lile la kwanza lilipewa, kiliondolewa baada ya mafuriko. Daftari laweza kurudisha umbo na kazi ya kitu. Haliwezi kurudisha umri wake. Ndiyo sababu kuandika vizuri hakumwondolei mtu wajibu wa kutunza.

YANAYOWAHUSU MAKATIBU NA WANACHAMA

Habari za North Blenheim zaweza kufupishwa katika mambo matatu, na kila moja lina nafasi yake katika ofisi ya chama.

Kwanza, paa. Kila mali ya chama ina sehemu rahisi inayolinda sehemu ya gharama. Kwa ghala ni bati na mifereji ya maji. Kwa mashine ni mafuta na grisi. Kwa mizani ni kifuniko na uhakiki wa kila mwaka. Sehemu hizo ndogo ndizo zitengewe fedha kwanza katika makisio. Halmashauri inayokata fungu la matengenezo ili mwaka uonekane una ziada inakopa kwa wanachama wa miaka ijayo bila ya kuwauliza.

Pili, mwenye dhamana. Mali isiyotajwa kuwa iko chini ya nani huharibika hata kama kila mtu anaipenda. Kura ya mwaka 1931 ilikiachia kitongoji daraja lake miaka 80 zaidi. Muhtasari wa mkutano unaosema kwamba ghala litunzwe haujasema lolote mpaka utaje atakayelikagua, lini, na atapeleka taarifa kwa nani. Mali iliyoacha kutumika nayo ikumbukwe: mkutano uamue kama itauzwa au itahifadhiwa, isiachwe ioze huku bado imeandikwa katika mizania.

Tatu, daftari. Mali bila daftari hupotea bila habari, wahenga wamesema. Katibu asitosheke kuandika katika daftari la mali neno moja tu, "ghala". Na aandike urefu, upana na kimo, aina ya kuta na ya paa, mwaka wa kujengwa, gharama, matengenezo yaliyofanywa na tarehe zake. Ikiwezekana mchoro uwepo, hata kama ni wa rula na penseli. Kwa mashine iandikwe namba yake. Kisha nakala ya hayo yote iwekwe mahali pengine, kama vile katika ofisi ya Chama Kikuu. Maana daftari lililofungiwa ndani ya ghala huungua pamoja na ghala. Michoro ya daraja la North Blenheim ilisalimika kwa kuwa ilikuwa Washington, mbali na kijito.

Kazi ya kupima na kuandika hufanywa siku ambayo hakuna shida yoyote, na kwa hiyo huonekana kama haina haraka. Wale wachoraji wa miaka ya 1930 hawakuwahi kujua kwamba kazi yao ingetumiwa kujengea daraja. Katibu anayepima ghala lake mwaka huu naye pengine hatajua ni nani atakayeishukuru kalamu yake. Hata hivyo yafaa alipime kabla ya masika.